Kuupata Mtindo Wako wa Uimbaji: Mwongozo Kamili kwa Mwimbaji Anayejitungia Nyimbo

Mwimbaji unayemjua vizuri humtambua ndani ya sekunde chache, hata kama wimbo hujawahi kuusikia. Kinachomtambulisha ni vitu vidogo: mahali anapovuta pumzi, anavyochelewa kuingia kwenye mdundo, sauti anazozing'ang'ania na zile anazozimeza, aina ya mambo anayoyasimulia. Ukivikusanya, mara nyingi havizidi vitano au sita. Huo ndio mtindo wake. Hapa tutaangalia jinsi ya kuvipata vya kwako, kuvichuja, na kuvilinda mbele ya watu watakaotaka kuvilainisha.

Anayeanza kwa kujiuliza "nitajitofautishaje na wengine?" huishia kuongeza mbwembwe. Swali lenye faida ni hili: ninafanya nini tayari, kila mara, bila kukusudia?

Hatua ya 1: Jirekodi bila mapambo

Studio huihitaji, simu inatosha. Kaa kwenye chumba chenye mapazia, godoro au nguo nyingi, kwa sababu vitambaa hunyonya mwangwi. Weka simu mezani, umbali wa mkono mmoja. Zima biti, weka gitaa kando. Rekodi mambo matatu: wimbo unaoujua tangu utotoni, ubeti na kiitikio cha wimbo uliotunga mwenyewe, halafu dakika mbili za maongezi, ukisimulia jambo lililokutokea kweli.

Hayo maongezi wengi huyaruka, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote. Mtu akiongea ana kasi yake, ana kimo chake cha sauti, ana maneno anayoyavuta akishangaa na anayoyakata akikasirika. Akifungua mdomo kuimba anabadilika kabisa, lafudhi na yote, kwa sababu anaimba jinsi anavyodhani waimbaji huimba. Pengo kati ya sauti hizo mbili ndipo pa kuchimba.

Usisikilize siku hiyohiyo; ukisikiliza mapema utasikia ulichokusudia badala ya ulichokifanya. Na sauti ikikuchukiza usishtuke. Ukiimba unajisikia kwa njia mbili, kupitia hewa na kupitia mifupa ya fuvu, na mifupa huongeza uzito wa chini. Rekodi inakupa ile ya hewani peke yake, kwa hiyo unajisikia mwembamba kuliko ulivyozoea. Wenzako hawajawahi kukusikia kwa njia nyingine.

Chukua karatasi. Sikiliza mara nne, kila mara ukifuatilia jambo moja tu: kwanza pumzi, kisha miisho ya mistari, kisha matamshi, mwisho muda, yaani unaingia kabla ya mdundo, juu yake au nyuma yake. Andika unachosikia bila kuhukumu. "Nashuka mwishoni mwa kila mstari." "S yangu ni kali." "Napumua kwa kusikika kabla ya maneno mazito." Usiandike "mbaya" wala "nzuri" popote. Kisha zungushia duara kila kilichojitokeza katika rekodi zote tatu.

Vilivyozungushiwa duara ni vyako, lakini si vyote vya kutunza. Imba mstari uleule bila kitu hicho. Ukiweza kukiacha na kukirudisha unapotaka, hicho ni chaguo lako. Ikiwa huwezi kukiacha, huo ni udhaifu wa ufundi, hata kama unapendeza. Ufanyie mazoezi mpaka uweze kuuacha, ndipo uamue kama unautaka. Walimu wa sauti wana haki ya kukusahihisha hapa. Tatizo huja mwalimu anapofuta vyote kwa pamoja, udhaifu na chaguo, mwanafunzi akatoka na sauti safi isiyo ya mtu yeyote.

Hatua ya 2: Jua sauti yako inakaa wapi

Kwa kinanda, au programu ya simu inayoonyesha noti, tafuta noti yako ya chini kabisa na ya juu kabisa. Ziandike, halafu zisahau kwa muda. Unachohitaji zaidi ni eneo la starehe, zile noti chache ambazo unaweza kukaa nazo nusu saa bila koo kukaza, na maneno yakasikika kama unaongea. Tafuta pia daraja, pale sauti nzito ya kifua inapokabidhi kwa sauti nyembamba ya kichwa. Kwa wengine daraja ni laini, kwa wengine sauti inavunjika. Kuvunjika huko kunaweza kuwa hazina ukijua kunatokea kwenye noti gani, maana unaweza kutunga mahadhi yanayopita hapo kwa makusudi, kwenye neno moja linalostahili.

Wanawake wana mtego wao hapa. Ukiimba wimbo wa mwanaume mahali palepale alipouimba, utazama. Ukiupandisha oktavo nzima, utapaa na kuishia kupiga kelele. Mahali pako mara nyingi ni katikati, nusu toni (hatua ndogo kabisa kwenye kinanda) tano hadi saba kutoka ufunguo (kii) wa awali. Na kuna prodyuza ambaye kila mwimbaji wa kike akiingia studio humpandishia kii, akiamini juu ndiko kwenye hisia. Chukua wimbo wako mmoja, uimbe kwenye funguo tano zinazofuatana, nusu toni kwa nusu toni, rekodi zote, kisha uchague macho yakiwa yamefumbwa, bila kujua ipi ni ipi. Waimbaji wengi hujikuta wamechagua ya chini kuliko walivyotarajia.

Sauti isiyo na upana si kizuizi. Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani, hakuwa na sauti kubwa wala eneo pana la noti. Alichokuwa nacho ni muda: alikuwa akiburuza maneno nyuma ya mdundo, akiyapindisha mahadhi ya nyimbo za watu mpaka yakawa yake. Alikuwa akimsikiliza sana mpiga tarumbeta Louis Armstrong, na mengi aliyachota kwenye tarumbeta kuliko kwa waimbaji.

Jambo la afya, kwa kifupi. Pasha sauti moto kabla ya kuimba: kutetemesha midomo, kuguna kwa mdomo uliofungwa, kupuliza noti kupitia mrija. Kunywa maji mapema, maana hayafiki kwenye nyuzi za sauti moja kwa moja, mpaka yapitie mwilini kwanza. Ukikwaruza kwa wiki tatu mfululizo bila mafua, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, na usiite mkwaruzo huo mtindo.

Hatua ya 3: Iga kwa makusudi, tena wengi

Watu huogopa kuiga, kumbe tayari wanaiga bila kujua, na mara nyingi wanamwiga mtu mmoja tu. Ukiiga mmoja utakuwa kivuli chake. Ukiiga watano walio mbali na mbali, wa lugha tofauti, wa zama tofauti, mmoja wao awe mpiga ala asiyeimba kabisa, hutaweza kuwa kivuli cha yeyote.

Chagua sekunde ishirini kutoka kwa kila mmoja. Punguza kasi ya rekodi ukihitaji. Iga mpaka pumzi zilingane, mpaka mtetemo wa sauti uanze palepale unapoanzia kwake. Ukifika hapo, andika kwa kitenzi anachokifanya: anachelewesha, ananong'oneza, anarudia, anakata, anapinda. Vitenzi vinakusaidia kwa sababu vinabebeka. Sauti ya mtu huwezi kuichukua, ila kitendo chake unaweza kukihamishia kwenye wimbo wako kikageuka kitu kingine.

Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, alijifunza kughani Kurani kwa baba yake tangu utotoni, na matamshi yake safi yalitoka huko. Kitendo chake kikubwa kilikuwa kurudia: mstari mmoja angeuimba tena na tena mbele ya hadhira, kila mara kwa pambo jingine, mpaka wimbo mmoja ukafika saa nzima. Siti binti Saad naye alichukua umbo la taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu kwenye kasri la sultani, akaimba kwa Kiswahili mambo ya watu wa kawaida wa Unguja. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri. Umbo aliazima. Lugha na habari zilikuwa zake. Huo ni mgawanyo mzuri wa kuufikiria: kipi unaazima waziwazi, na kipi hukiazimi kamwe?

Hatua ya 4: Mstari mmoja, njia tano

Hapa ndipo ningekushauri utumie muda mwingi kuliko popote. Chukua mstari mmoja wa kwako. Tuseme ni huu:

Ulirudi usiku, ukakuta mlango wazi.

Kwanza useme, usiuimbe. Useme kama unamwambia mtu aliyeketi karibu nawe. Utaona "ulirudi usiku" inapita haraka, na kuna kusita kabla ya "wazi", kwa sababu habari yenyewe iko hapo. Rekodi hiyo.

Njia ya kwanza: uimbe kwa noti moja tu, ukifuata kasi ya maongezi. Utashangaa unavyotosha.

Njia ya pili: vuta neno la mwisho. Hapa kuna jambo ambalo mwimbaji wa Kiswahili anapaswa kulijua kama kiganja chake. Maneno yetu karibu yote huishia irabu, na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: u-SI-ku, m-LA-ngo, WA-zi. Irabu ya mwisho ni rahisi sana kuivuta, kwa hiyo mkono huenda wenyewe, kila mstari ukaishia kwenye iiii au uuuu ndefu. Mistari yote inafanana, na uzito unahama kutoka silabi yenye maana kwenda kwenye mkia. Jaribu kuvuta "wa" ya "wazi", kisha uiache "zi" idondoke, fupi, karibu haisikiki. Halafu fanya kinyume. Sikiliza tofauti. Kuvuta mkia si kosa, taarabu na kwaya zimeutumia vizuri sana. Ila iwe umechagua, isiwe umeteleza.

Njia ya tatu: weka kimya baada ya "ukakuta". Kimya kirefu kuliko unavyoona ni salama. Msikilizaji atajaza mwenyewe alichokikuta.

Njia ya nne: piga mdundo mguuni, uingie nyuma yake katika nusu ya kwanza ya mstari, kisha uukimbize na kuufikia katika "mlango". Hii ni ngumu. Ukishindwa, utajua muda wako unahitaji kazi.

Njia ya tano: pamba silabi moja peke yake katika mstari mzima. Moja. Anayepamba kila silabi hana pambo.

Sasa sikiliza zote tano. Moja au mbili zitakuwa na kitu ambacho mwili wako ulikifurahia. Fanya hivyohivyo kwa mistari mingine kumi, ya haraka na ya polepole. Njia zinazojirudia kwenye chaguo zako ziandike kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza, chini ya vilivyozungushiwa duara.

Angalia pia irabu kwenye noti za juu. "I" na "u" hubana koo huko juu, "a" hufungua. Ikiwa kilele cha mahadhi kimeangukia "i" na kinakusumbua, badilisha neno kabla ya kuanza kupigana na koo.

Hatua ya 5: Unasema nini, na unamwambia nani

Toa nyimbo zako kumi za mwisho, hata zile ambazo hazijakamilika. Kwenye kila moja andika nani anaongea, anaongea na nani, na saa ngapi ya siku. Huenda tisa kati ya kumi ni "mimi" nikimwambia "wewe" uliyeniacha, muda haujulikani. Hakuna ubaya katika mada hiyo, mapenzi hayaishi utamu. Lakini pale ambapo hukuchagua, hapana mtindo, pana mazoea tu.

Badilisha kimoja kwa makusudi. Mwimbaji yuleyule, habari ileile, ila sasa anaongea na mama wa yule aliyeondoka. Au anayeongea ni aliyeondoka. Maneno yatabadilika, na mahadhi yatafuata.

Weka pia daftari la majina ya vitu. Usiandike hisia humo, andika vitu ulivyoviona kwa macho yako: funguo, kandambili zilizokatika, taa inayowaka mchana. Baada ya muda utaona vitu vya aina fulani vinajirudia bila wewe kuviita.

Hatua ya 6: Jifunge kamba

Uhuru mwingi huficha mtindo. Ukiwa na ala mia kwenye kompyuta, kila wimbo utavaa nguo mpya na hutajua kilicho chako ni kipi. Basi tunga nyimbo tatu chini ya masharti yaleyale: ala moja, sauti yako, kasi isizidi mipigo 90 kwa dakika, kiitikio kisizidi mistari miwili. Masharti yenyewe unaweza kuyabadili. Muhimu yawe machache, magumu, na yashike nyimbo zote tatu.

Joni Mitchell, mwimbaji na mpiga gitaa wa Kanada, aliugua polio akiwa mtoto, mkono wake wa kushoto ukabaki na udhaifu. Baadhi ya kodi za kawaida za gitaa (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zilimsumbua, akaanza kuzifunga nyuzi, yaani kuzikaza na kuzilegeza, kwa namna nyingine ili vidole vifanye kazi kidogo. Kutokana na mifungo hiyo zikapatikana kodi ambazo hazikuwa kwenye mikono ya wapiga gitaa wengine, na leo ukisikia sekunde mbili za gitaa lake unajua ni yeye. Sisemi utafute ugonjwa. Nasema angalia kile usichoweza, uulize njia ya kukizunguka ni ipi, kisha uifuate hiyo njia mpaka mwisho.

Hatua ya 7: Studio

Usiingie studio na wimbo uliomo kichwani tu. Ingia na rekodi ya simu, ufunguo umeamuliwa, kasi imeamuliwa. Prodyuza akiweka biti kwanza, wewe ndiye utakayejipinda kulifuata. Ukileta sauti kwanza, biti litajengwa kukuzunguka. Akisema kasi ni ndogo, jaribuni ya kwake pia, msikilize zote mbili. Prodyuza mzuri hatakasirika.

Maiki ni ala. Maiki nyingi za studio, zile zinazosikiliza upande mmoja, huongeza besi kadiri unavyozikaribia. Ukiwa sentimita tano unakuwa na uzito na ukaribu wa kunong'ona. Ukirudi sentimita thelathini unakuwa mwepesi na chumba kinasikika. Kabla ya kurekodi kwa umeme kuingia mwaka 1925, mwimbaji alilazimika kulisukumia sauti pembe la kurekodia, na wenye sauti laini hawakuwa na nafasi. Kwa hiyo kunong'ona ni mtindo uliozaliwa na chombo. Jaribu umbali wa aina tatu, uandike ulioupenda, uutaje kila unapokwenda studio yoyote.

Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti zilizokosewa bila msikilizaji kugundua, ilitoka mwaka 1997, na mwaka uliofuata mwimbaji Cher aliitumia kwa ukali kiasi kwamba sauti ya mashine ikawa pambo lenyewe. Njia zote mbili ni halali. Kinachoharibu ni matumizi ya katikati, yasiyokusudiwa: fundi anaiwasha kwa kasi kubwa kwa mazoea, inanyoosha zile noti ulizokuwa ukizipinda kwa makusudi, na vile vitu ulivyozungushia duara vinatoweka kimyakimya. Mwombe airekebishe polepole, tena kwenye noti zilizokosewa tu. Na omba nakala ya sauti yako ghafi kabla haijaguswa, uitunze. Ukisikiliza wimbo uliokamilika ukahisi hujioni, rudi kwenye ghafi, mtafute mlikopotezana.

Hatua ya 8: Wasikilize wasikilizaji, ila uliza vizuri

"Umeupenda?" ni swali la kuomba pongezi, na utapewa. Wape watu watatu, mmoja mwanamuziki, mmoja asiyejua muziki, mmoja anayekujua tangu zamani. Wa kwanza muulize: ungepunguza nini? Wa pili: umekumbuka mstari gani, na ni wapi ulianza kufikiria mambo mengine? Wa tatu, muulize kama huyu anayeimba anafanana na wewe unavyoongea. Jibu la huyo wa tatu ndilo ninaloliamini zaidi.

Jukwaa nalo huuliza kwa njia yake. Rekodi kila onyesho kwa simu, hata likiwa dogo. Pale watu walipoacha kuongea wao kwa wao, weka alama.

Hatua ya 9: Jina, mavazi, picha

Haya yaje mwisho, ingawa ndiyo yanayovutia kuanza nayo. Jina la kisanii litafute mtandaoni kabla hujalipenda. Likiwa na mwenyewe, achana nalo. Mavazi na picha viulize kwenye nyimbo: kama nyimbo zako ni za usiku na za kunong'ona, picha yenye rangi kumi itaahidi kitu ambacho sauti haitoi. Hapa inatosha.

Mtindo ukishakuwa na mizizi

Kuna siku utasikia wimbo wako mpya na kugundua unajua kila kitakachokuja. Lile pambo, kile kimya, ile sauti kuvunjika darajani, vyote viko mahali pake. Watu wanakusifu kwa hivyo, na wewe umeanza kuviigiza.

Chukua kile unachosifiwa zaidi, ukiondoe kwenye wimbo mmoja mzima. Kama ni kupinda noti, usipinde hata moja. Wimbo ukisimama bila hicho, umejifunza kwamba una kingine, na una kazi ya kukitafutia jina. Ukianguka, usirudishe pambo haraka. Rudi kwenye utunzi, kwenye maneno na mahadhi, urekebishe hapo mpaka usimame kwa noti moja kama ule mstari wa mlango. Kisha imba wimbo wa mtu mwingine, usiofanana na zako kabisa, umchezee yule rafiki wa zamani bila kumwambia ni nani anayeimba.

Akikutambua kabla ya kiitikio, endelea na wimbo unaofuata. Asipokutambua, muulize alidhani ni nani, na umwandike huyo kwenye orodha ya unaowaiga.